Jina Lililofurika

Sanduku la joto lilianza kunuka ulezi ulioungua siku ileile mtoto alipopewa jina.

Nesi Monika alikwenda kuchungulia jikoni, akakuta moto umezimika. Akarudi, akalinusa sanduku, akajishika kifua. Ndani alilala mtoto njiti wa Avelina, na kwa baridi ya Ufipa mwezi wa sita, nje ya sanduku lile asingeiona kesho. Zahanati ya Pito ilikuwa na hilo moja tu. Alilitengeneza Meshack, kaka yake Avelina, fundi wa kompyuta mjini Sumbawanga, mji ambao jina lake ni amri ya kutupa uchawi. Wanaoutupa sijui huutupia wapi.

"Kaka, njoo," Monika alinong'ona kwenye simu. "Joto linapanda lenyewe. Mtoto amekuwa mwekundu."

Meshack alifika akihema. Kioo kidogo cha sanduku, kilichokuwa kikiandika *Mtoto wa Avelina*, sasa kiliandika *Oswaldi Sikazwe Mwanakatwe*.

"Nani kabadilisha jina?"

"Mimi," alijibu bibi yao, Bertilla, kutoka kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto alikuwa analia tu. Anayelia hivyo anadai jina la marehemu. Nimempa la babu yenu, nesi akaliandika. Akanyamaza palepale."

Meshack akaelewa, akajichukia. Alipoandika programu ile kwa lugha ya C, jina alilitengea chumba kidogo kwenye kumbukumbu ya mashine, maana hospitalini kichanga huitwa kwa jina la mama yake, basi. Chumba cha jirani kilitunza namba ya joto. Na amri aliyoitumia kupanga herufi, sprintf, haitazami ukingo. Humimina tu, kama mtu anayejaza debe amefumba macho. Herufi za marehemu zilifurika zikakalia mahali pa joto.

Alizima sanduku ili arekebishe. Avelina akamkumbatia mwanawe kifuani chini ya mablanketi, lakini vidole vya mtoto vikaanza kugeuka bluu. Meshack aliandika upesi. Safari hii alitumia snprintf, ambayo huambiwa ukubwa wa chumba, na jina likizidi hulikata. Tena ina adabu: hukueleza jina zima lilitaka herufi ngapi.

Mtoto akarudishwa. Joto likatulia. Harufu haikuondoka.

Meshack akatazama hesabu hiyo ya herufi kwenye kompyuta aliyoiunganisha na sanduku. Akahesabu herufi za babu kwa vidole, akarudia. Hesabu ya mashine ilikuwa kubwa zaidi. Akaiuliza tena, ikawa imeongezeka.

"Bibi," alinong'ona, "babu alikuwa na jina jingine?"

"Hakuwa nalo." Bertilla akapiga ishara ya msalaba, kisha akanyunyiza unga wa ulezi mlangoni, maana kwa Mungu na kwa wahenga hakuwa na ubaguzi. "Nilimwita mmoja. Huyo anayejiongeza nyuma yake si wa ukoo wetu. Ni jini."

Meshack akalifuta jina, akarudisha *Mtoto wa Avelina*, lakini hesabu iliendelea kupanda, na ndani ya ubao wa sanduku kukaanza kugonga, polepole kwanza, kisha haraka, kama kitu kinachopapasa ukuta kikitafuta mlango, na upepo wa Pito ukavuma dirishani, na Monika akalia bila sauti, na Avelina akasema zima, kaka, zima, na Meshack akaushika mkono wa swichi, akavikumbuka vile vidole vya bluu, akauachia, kwa sababu kulizima ni kumuua mpwa wake na kuliacha hakujua ni kufanya nini.

Kugonga kukakoma. Hesabu ikashuka, ikalingana na jina lililoandikwa.

"Limeondoka!" Avelina alicheka huku akilia.

Meshack hakucheka. Kilichokuwa kikitafuta mlango kisingeacha kudai nafasi bila kuipata.

Ndani ya sanduku, mtoto ambaye shingo yake haikuwa na nguvu bado, aliinua kichwa, akakigeuza, akamtazama mjomba wake usoni bila kupepesa macho.

"Ona, amekufahamu!" alisema Avelina. "Mpakate, kaka."

Akamtoa mtoto, akamfunga blanketi. Meshack akanyoosha mikono, akampokea.