Mkono wa Kushoto wa Fabiola

"Simama wima, fundi akupime," Paskasi alimwambia dada yake. "Jumamosi unaolewa, mambo yaishe."

Fabiola alisimama. Tangu arudi hospitali, alikopigwa umeme kichwani kutuliza ugonjwa wake wa akili, miaka miwili ya nyuma ilikuwa imefutika. Kaka yake alimwambia mchumba wake ni Egidius, mwenye duka mtaa wa Bagara, asiyekosa sukari wakati huu wa uhaba, mji mzima ukinywa chai bila sukari. Akaamini. Angemwamini nani mwingine? Lakini kila Egidius alipomshika bega, alijiona kama mtu aliyefungiwa ghalani.

Fundi Alois alikwepa macho yake. Alikuwa ameambiwa Fabiola amemkataa. Alikuja kwa sababu ndiye pekee aliyebakiwa na uzi mweupe Babati, na, tuseme ukweli, alitaka kumwona mara ya mwisho.

"Kunywa chai, fundi," Fabiola alisema, akimpa kikombe kwa mkono wa kulia.

"Asante, dada."

Hilo "dada" lilimuuma Alois mwenyewe. Alipoanza kushikiza pindo la kitambaa cheupe alicholeta Egidius, sindano ikamponyoka. Fabiola akaiokota, akaketi, akashona mwenyewe, haraka na safi, kwa mkono wa kushoto.

Alois akamkodolea macho.

"Nani alikufundisha?"

"Sijui. Egidius anasema sijawahi kushona. Mikono inakwenda yenyewe."

"Mbona kila kitu unafanya kwa kulia?"

"Hata mimi nashangaa."

"Wa kushoto ni mimi, Fabiola. Ulijifunza kwangu, umekaa ubavuni, ukaiga hata mkono. Sokoni walikucheka. Ukasema tutaoana tushone hivyohivyo."

Fabiola alimgeukia kaka yake.

"Ni kweli?"

Paskasi aliinama.

"Egidius alisema umeme umefuta yote, hutajua. Watoto wangu walikuwa na njaa, Fabiola. Alileta unga, alileta sukari."

"Ukanitoa mimi."



Alois alipiga magoti mbele yake.

"Sasa unanikumbuka?"

"Hapana."

Ilimchoma Alois, machozi yakamtoka.

"Sikukumbuki, Alois, na sitakudanganya kama nilivyodanganywa. Ila kwa Egidius siendi."

Paskasi akasimama mlangoni. "Nitamwambia nini yule mtu?"

"Mrudishie kitambaa chake," Fabiola alisema, akampita. Nje alimsubiri Alois amfikie.

"Twende kibandani kwako," alimwambia. "Nionyeshe nilipokuwa nakaa."