Siku Tangi Lilipokauka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Deodatha alichota maji bombani, karibu kabisa na nyumbani kwao Bweranyange. Alifungua koki, ndoo ikajaa, akarudi kupitia migombani. Hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo kubwa.

Asubuhi moja ya kiangazi alimkuta rafiki yake Kokubanza pale bombani. Wakaanza kurushiana maji huku wakicheka. Kengele ya shule ilipolia, walizirudisha ndoo nyumbani mbiombio. Koki waliiacha wazi.

Mchana Deodatha alikuta matope njiani na watu wamesimama na ndoo tupu. Mzee Nestory, msimamizi wa maji, alikuwa akiwaeleza.

"Tangi limekauka. Chemchemi nayo imepungua. Itatubidi tungoje siku kadhaa."

"Nani aliacha koki wazi?" mama mmoja aliuliza.

Deodatha alipita haraka kwenda nyumbani.

Jioni mama yake, Celestina, alimtuma bondeni, kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe. Alipanda kilima na ndoo kichwani, shingo ikimuuma.

"Yasinywewe mpaka yachemke," mama alisema, akaenda kutafuta kuni.

Mdogo wake, Ainembabazi, alimvuta sketi. "Dada, kiu!"

"Subiri kidogo."

Mtoto akalia. Deodatha alikuwa amechoka na kelele. Akamchotea kikombe.

Kesho yake Ainembabazi aliharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Baba alimkimbiza zahanati kwa bodaboda, Deodatha na mama wakafuata kwa miguu. Walimkuta ametundikiwa dripu, hata kulia hawezi. Hapo Deodatha akaeleza yote, ya bombani na ya kikombe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

Ainembabazi alipona. Maji yaliporudi, Deodatha na Kokubanza walikwenda kwa Mzee Nestory.

"Shikamoo, babu. Sisi ndio tuliomaliza maji. Tunaomba radhi."

"Marahaba. Mmefanya vizuri kusema. Jumamosi mje tusafishe mfereji wa bombani."

Walisafisha mpaka saa sita. Deodatha alipofika nyumbani, mama alimpa maji ya kunywa, akakaa karibu naye.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Restuta," alisema. "Hukumjua. Wakati ule bomba halikuwapo, sote tulikunywa maji ya dimbwi lile. Yeye hakupona. Mwanangu, maji safi mlangoni ni neema. Anayeshukuru neema huitunza."