Kaka Aliyefichwa Mpaka Harusi Ipite

— Mama, Mungu amekujalia watoto wangapi?

— Wawili, mwanangu. Mkubwa ana usonji. Mdogo ni fundi friji, anaoa mwezi ujao. Ila mchumba wake hajui habari za Mkubwa. Tumempeleka kwa dada yangu mpaka harusi ipite. Wakishaoana, huyo mchumba ataenda wapi?

Mama akacheka. Binti aliyepiga simu akaacha kuandika. Kicheko kile angekijua hata usingizini. Ni mama mkwe wake mtarajiwa!

Utafiti wao ulikuwa wa nchi nzima: kuzipigia simu maelfu ya familia, kujua usonji unavyotembea kwenye ukoo. Namba inachaguliwa na kompyuta, jina halionekani. Na sheria ya kazi ni moja: ukimtambua unayeongea naye, mkabidhi mwenzako, na uliyosikia uyameze. Hata kwa mumeo usiyatamke.

— Samahani mama, mwenzangu ataendelea na wewe.

Akavua vifaa vya masikioni, akakimbilia chooni kulia.

Jioni fundi friji akaja kumchukua, mikono bado inanuka gesi.

— Mbona macho mekundu, malkia wangu?

— Vumbi. Hivi, kuna jambo la kwenu hujaniambia?

— Jambo gani tena? Mimi kwako ni kioo.

— Fikiria vizuri.

— Nani kakujaza maneno?

— Hakuna. Nakuuliza wewe.

— Basi hakuna.

Uongo ule ulimchoma kuliko siri yenyewe. Angemwambia tu, "Najua!" Lakini mdomo wake haukuwa wake peke yake. Mama yule aliuamini utafiti, ndiyo maana alisema kweli.

Usiku akamwandikia: "Harusi isubiri. Siwezi kuolewa na mtu anayeniogopa."

Simu ikaita papo hapo.

— Una mwanaume mwingine?

— Sina.

— Sasa nimekuogopa kwa lipi?

— Ukilijua, njoo. Usipolijua, usije.

Siku zikapita. Binti akikohoa, mama yake anadhani analia. Akilia, anasema anakohoa.

Jumapili hodi ikapigwa mlangoni kwao. Fundi friji, na nyuma yake mwanaume mrefu aliyeziba masikio kwa viganja, macho yameng'ang'ania feni ya darini inayolia kwikwi.

Binti akaizima feni. Viganja vikashuka.

— Huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Ana usonji. Tulimficha.

— Shikamoo, kaka.

— Feni yako imelegea skrubu, — Mkubwa akajibu.

Binti akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Fundi friji hakucheka.

— Mbona hushtuki? Ulijua?

— Hilo usiniulize. Sema kwa nini ulificha.

— Wanasema iko kwenye damu. Nyinyi wenyewe kwenye utafiti mnasema.

— Tunasema kwenye familia yenye mmoja, uwezekano wa kupata mwingine unapanda. Hatusemi mtoto gani. Familia nyingi kama yenu hazina wa pili.

— Na wetu akija hivyo?

— Akija, nataka kujua jambo moja. Baba yake atamshika mkono, au atampeleka kwa ndugu wageni wakija?

Fundi friji akainamisha kichwa. Alipokiinua, machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. Akamshika kaka yake mkono, akatoa simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

— Mama, Mkubwa anarudi nyumbani leo. Na harusini atakaa meza yetu.

— Wewe! Watu wataona! Na akisikia yale maspika si atapiga kelele?

— Maspika hayawashwi.

— Harusi bila mziki? Watu watatusema!

— Anayetaka mziki akaoe yeye!

Mama akashusha sauti:

— Na mkwe wangu anasemaje?

Binti akaisogelea simu.

— Shikamoo mama. Nasema suti ya Mkubwa ikashonwe kesho.