Tata Hajala Tangu Asubuhi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, Myriam alijifunga kitenge kiunoni, akachukua ufagio mfupi na ndoo ya maji, akamfuata baba yake hadi kwenye uwanja wa malori, kando ya barabara inayotoka Kolwezi kwenda Fungurume. Baba yake, Tata Zéphirin Tshimanga, alikuwa dereva wa lori la kubeba chokaa ya migodini. Lori hilo lilikuwa jeupe siku lilipoletwa. Sasa lilikuwa jekundu, kwa maana vumbi la Lualaba halimuulizi mtu anapenda rangi gani.

Tata alikagua magurudumu, na Myriam akapanda kabini kufagia. Chini ya kiti hakukukosekana kitu: maganda ya karanga, maganda ya mayai, chupa tupu za sukre, kama watu wa Kolwezi wanavyoita soda, na karatasi zilizolowa mafuta ya bitumbula, yale maandazi ya mviringo yanayouzwa njiani yakiwa moto. Myriam alivikusanya vyote katika mfuko, akavimwaga pipani. Hakuwahi kuvifikiria. Nani anafikiria takataka?

Alichokifikiria yeye kilikuwa honi. Kabini ikishang'aa, Tata alimruhusu kuibonyeza mara moja tu, na sauti yake ilitikisa uwanja mzima. Myriam alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu mjini alichokionea fahari kama baba yake akiwa nyuma ya usukani ule.

Tata alikuwa mtu mzito, na watu walimpendea hilo.

"Shofere, umenona!" majirani walimpigia kelele akipita. "Kazi inakutunza!"

Mama Tshibola, mama yake Myriam, alisikia sifa hizo kutoka jikoni akatabasamu. Alijua kwamba mtu akimsifu mume kwa kunona, anamsifu pia mke anayepika.

Lakini siku moja ya kiangazi, Tata akiwa njiani na mzigo, barabara ilianza kuyumba mbele ya macho yake kama kitambaa kwenye upepo. Akasimamisha lori kando, akaegemeza kichwa kwenye usukani hadi kizunguzungu kikapita. Wakubwa wa kazi walipopata habari walimtuma kwenye kituo cha afya. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Myriam akamsindikiza.

Muuguzi, Mama Henriette, alimfunga mkononi mkanda wa kupimia shinikizo la damu, kisha akampandisha kwenye mizani.

"Tata Tshimanga," alisema, "tansio yako iko juu, na uzito wako uko juu. Hivyo viwili vinakwenda pamoja kama lori na tela lake. Dawa nitakupa. Lakini uzito lazima ushuke."

"Na usiposhuka?"

"Mvua zikianza utarudi kwa kipimo cha kazi. Nikikuta mambo ni yaleyale, sitaandika kwamba unaweza kuendesha. Watakutafutia kazi nyingine. Labda ya getini, kuwafungulia wenzako wapite."

Tata aliitazama mikono yake, na Myriam aliona vidole vikijikunja taratibu, kana kwamba vinashika kitu ambacho kimeshaanza kuvutwa.

Jioni ile Tata alitangaza uamuzi wake mbele ya nyumba yote. "Kuanzia kesho, mi nitakula mara moja tu kwa siku. Jioni, basi."

"Bukari moja kwa siku?" Mama alishika mdomo. "Tata Myriam, utaanguka njiani!"

Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za mji ule, neno kula lilikuwa na maana moja: bukari, yaani ugali, pamoja na sombe ya majani ya muhogo au samaki. Mtu angeweza kushinda akitafuna hiki na kile, lakini kama bukari haijapita mkononi mwake, angekuambia bila kupepesa macho kwamba hajala. Wala asingekuwa anadanganya. Ndivyo kila mtu alivyosema.

Tata alishika neno lake. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Alipofika mlangoni alijishika tumbo. "Mama Myriam, mi sijakula tangu asubuhi!"

Basi Mama alimwonea huruma. Alimwandalia bukari iliyoinuka kama vile vilima vya udongo vilivyouzunguka mji, vile vinavyochimbuliwa migodini. Tata aliimaliza, akanawa, akaenda kulala hapohapo, chakula kikiwa bado kooni.

Baada ya majuma kadhaa alirudi kwa Mama Henriette, kifua mbele, Myriam pembeni yake. Alipanda kwenye mizani akingoja kupongezwa.

"Umeongezeka," alisema Mama Henriette.

"Haiwezekani! Hii mizani imelewa!"

"Mizani hainywi, Tata."

"Mama, nakula mara moja tu kwa siku! Kama huniamini mimi, muulize mutoto."

Mama Henriette akamgeukia Myriam.

"Ni kweli, Mama," Myriam alisema, akimtetea baba yake. "Anashinda njaa. Ninaapa."

Muuguzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Aliona kwamba hakuna anayemdanganya. "Basi," alisema polepole, "kuna kitu ambacho sisi wote watatu hatukioni."

Maneno hayo yalimfuata Myriam hadi Jumamosi. Alikuwa amepiga magoti kabini, ufagio mkononi, chupa ya sukre iliponata kwenye kiganja chake. Aliibandua aitupe mfukoni. Mkono ukasimama hewani.

*Kitu ambacho hatukioni.*

Aliinama, akatazama chini ya kiti kama mtu anayepaona kwa mara ya kwanza. Maganda, karatasi, vijiti vya nyama choma, chupa juu ya chupa. Alikuwa akivifagia kila wiki, wiki baada ya wiki. Alikuwa ameapa mbele ya muuguzi, na ushahidi wote ulikuwa ndani ya mfuko wake wa takataka!

Siku ile hakuumwaga pipani. Hata honi hakuiomba.

Njiani kurudi alitembea nyuma ya Tata akiwa amebeba mfuko. Mtoto hamsemeshi baba yake kuhusu sahani yake. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Je, Tata akikasirika? Akiona aibu mbele ya Mama? Kisha alimwona akilini, amesimama getini na kofia ya mlinzi, akiwafungulia madereva wenzake. Akakaza mwendo.

Jioni, Tata alipoketi kula, Myriam alileta sinia kubwa lililofunikwa, akaliweka mezani. Akachukua birika na beseni, akapiga goti na kumnawisha baba yake mikono kama kawaida.

"Leo mutoto ndiye amepika?" Tata alifurahi.

"Karibu chakula, Tata."

Tata alifunua. Juu ya sinia, palipopaswa kuwa na bukari, palikuwa na kilima cha maganda ya karanga. Maganda ya mayai yalikuwa yamepangwa pembeni, karatasi za bitumbula zimekunjwa vizuri, na chupa za sukre zimekizunguka kilima kama walinzi.

"Myriam! Ni mchezo gani huu?"

"Samahani, Tata." Aliweka beseni chini. "Ni chakula chako cha wiki hii. Nimekifagia kabini. Nilimwapia Mama Henriette kwamba unashinda njaa, na sasa naona sikusema kweli. Sitaki wakutoe kwenye lori."

Mama Tshibola alisogea kutoka jikoni, akainua karatasi moja kwa ncha za vidole. Mafuta yalimetameta.

"Tata Myriam. Na hii?"

"Ah, hiyo ni ya pale bariere," Tata alijitetea, akimaanisha mahali malori yanaposimama kulipia barabara. "Bamama wanakuletea mpaka dirishani. Mtu anachukua bitumbula tu, ya kuchangamsha mdomo."

"Na sukre?"

"Ya kufukuza usingizi."

"Na mayai?"

"Mama Myriam, sasa mayai nayo mtu anakula?"

Neno lilimtoka, likabaki likining'inia hapo mezani. Tata alilisikia mwenyewe. Alilitazama sinia, akamtazama binti yake aliyekuwa bado amepiga goti na birika mkononi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Myriam alidhani anakasirika, kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka chini kabisa.

"Aba!" Tata alipasuka. "Kumbe mi nakula tangu asubuhi mpaka jioni, halafu narudi nyumbani kula!"

Mama naye alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini Tata alipotulia alimshika Myriam mkono. "Umenionyesha kitu bila kunivunjia heshima. Aksanti, mwanangu."

Tangu siku hiyo, lori halikuondoka bila kikapu. Mama alipika mapema viazi vitamu au maharage, akaweka ndizi na dumu la maji yaliyochemshwa. Tata alikula asubuhi na mchana, akakubali kuita huko kula, na jioni hakufika tena akiwa na njaa ya simba. Sombe ilizidi sahanini, mawese yakapungua, na bukari ikashuka kimo. Uwanjani nako, Tata aliacha kupanda pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Alitembea, na mara nyingi Myriam alimpokea njiani, wakafuata reli pamoja wakipiga hadithi hadi mlangoni.

Haikuwa rahisi. Pale bariere wauzaji walimzomea: "Shofere wa maji! Umekuwa bahili?" Siku moja ya joto alishindwa, akanywa sukre. Jumamosi alimkabidhi Myriam chupa mwenyewe, kabla hajaikuta. "Moja tu," alisema kwa haya. "Kesho naendelea." Na kesho yake akaendelea kweli.

Jaribu kubwa zaidi lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Shati la Tata lilipoanza kumpwaya, wanawake wenzake wa kwaya ya kanisa walimzunguka Mama Tshibola baada ya mazoezi.

"Mume wako anakonda," alisema Mama Kalala, jirani yao. "Yuko mgonjwa? Ao unamunyima chakula?"

Maneno hayo yalimchoma Mama. Jioni ile alipika kimya, na alipoweka sinia mezani, kile kilima cha zamani kilikuwa kimerudi, kimeinuka na kinatoa moshi. Myriam alishusha macho. Hili hakujua alifanyie nini.

Tata alikitazama kilima. Kisha aliuliza kwa upole, "Mama Myriam, hiki kilima umenijengea mimi, ao umemujengea Mama Kalala?"

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge. "Wanasema ninakunyima."

"Unaponipikia kidogo, ndipo ninajua kwamba unanitaka niishi."

Mama alichukua kijiko, akaikata bukari katikati, nusu akairudisha jikoni. Na Jumapili, Mama Kalala alipofungua tena mdomo, Mama Tshibola alikuwa amejiandaa.

"Simunyimi bukari, dada," alimjibu mbele ya kwaya nzima, kichwa juu. "Ninamunyima kitanda cha hospitali!"

Kwaya ilipiga vigelegele. Na Mama Kalala, baada ya kujikohoza kidogo, alimvuta pembeni akauliza sombe isiyo na mafuta mengi inapikwaje.

Mvua ya kwanza ilinyesha, vumbi likatulia, na majani ya mti ulio mbele ya kituo cha afya yakaonekana kumbe ni ya kijani. Tata alifunga mkanda wa suruali kwenye tundu jipya, akaenda kupimwa. Safari hii familia yote ilimfuata.

Mama Henriette alipima tansio, akapima tena kuhakikisha. Alimpandisha kwenye mizani. Myriam alikuwa ameshika kitenge cha mama yake kwa nguvu hadi kikakunjamana.

"Leo mizani imelewa?" aliuliza Mama Henriette.

"Sema wewe, Mama," Tata alijibu.

"Leo mizani inacheza ngoma!" Alichukua kalamu, akaandika na kupiga mhuri. "Dawa usiache mpaka nikuambie. Lakini endesha, Tata Tshimanga."

Mama Tshibola alipiga kigelegele ndani ya kituo, hata wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakapiga makofi bila kujua sababu. Tata alimsogeza Myriam mbele. "Ni huyu aliyeona," alisema. Ndipo Mama Henriette akasikia habari za sinia.

"Sikiliza, binti yangu," alisema muuguzi akiwa ameinama. "Mwili hauna neno la kula na neno la kuchangamsha mdomo. Kila kinachopita kinywani, wenyewe unakipokea. Wewe ulifungua macho, ukasema kweli kwa adabu. Na wewe, Tata, usidhani umemaliza. Kushuka ni safari ya kwenda; kukaa hapo ulipofika ndiyo kazi yenyewe. Usirudie ya zamani ukifikiri sasa umepona. Kikapu, maji, miguu: hayo yawe maisha yenu, wala yasiwe adhabu ya msimu mmoja."

"Yatakuwa," Mama Tshibola alijibu kwa niaba ya wote.

Jumamosi iliyofuata, Myriam alifagia kabini. Alikuta matope ya viatu, maganda ya ndizi, na maganda machache ya karanga. Alivitazama vizuri kabla ya kuvitupa. Sasa alikuwa mtu anayetazama.

Mama alikuja hadi uwanjani na kikapu cha safari. "Tata Myriam, umekula?" aliuliza.

"Nimekula!" Tata alijibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Viazi viwili na ndizi. Nimekula, na nimeshiba!" Kisha akamfungulia binti yake mlango wa upande wa usukani. "Myriam, mlikuwa mnanipenda kwa kunijaza, sasa mnanipenda kwa kunitunza, na mimi najitunza pia. Mtu anayekupenda anakuambia ukweli hata kama unahusu sahani yako. Haya, piga honi."

"Mara moja?"

"Leo," alisema Tata, "mpaka mkono uchoke."

Na uwanja wote wa malori ukageuka kutazama.