Muzuri Mara Ishirini

Kila asubuhi Benedicte aliteka maji bombani pale mtaani Nsambya, akamchania nywele mdogo wake Tresor, akammiminia chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mama yao afariki hakulia wala hakucheka. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, mikono tu ndiyo iliyoendelea na kazi. Tresor naye aliiacha chai ikapoa, siku baada ya siku.

Jumatatu Mwalimu Nasike alimkabidhi karatasi ishirini. Mshauri aliyekuja kila Ijumaa kuzungumza na watoto wenye huzuni angehamishiwa shule nyingine, ikiwa hapa hakuna aliyemhitaji. Basi Benedicte awaulize wanafunzi ishirini hali zao, aandike ukweli.

Wakati wa mapumziko alipita uwanjani akiuliza, "Habari ya siku hizi?" Wote, Wakongo kwa Waganda, walijibu neno moja: muzuri, yaani njema. Hata Tresor na tumbo lake tupu alisema muzuri. Benedicte aliliona hilo, lakini akaandika alichoambiwa. Karani mwaminifu, ila uaminifu wa bure.

Mwalimu alizisoma karatasi zote, akakunja uso. "Na wewe, habari ya siku hizi?"

"Muzuri, mwalimu."

"Hilo ni jibu au ni salamu?"

Benedicte akakumbuka Kongo. Kweli, kwao hata matangani mtu huulizwa habari, akasema muzuri, ndipo alie.

"Mara ya mwisho ulicheka lini?"

"Sijui. Tangu mama alikufa, sisikii kitu moyoni." Benedicte hakuwahi kumwambia mtu hilo.

Mwalimu alimshika bega, kisha wakatunga swali jipya: Wiki hii, ni siku ngapi umeshindwa kula kwa huzuni? Kila mmoja ajibu peke yake, asiandike jina, atumbukize karatasi kwenye boksi. Benedicte alitaka kuchungulia mwandiko wa Tresor, mwalimu akamkataza. Waliahidi siri, na ahadi ni deni.

Kumi na mmoja waliandika siku mbili au zaidi. Mshauri akabaki.

"Wenzako hawakukudanganya," mwalimu alimwambia. "Uliwasalimu, wakaitikia. Ukitaka ukweli, uliza swali linalojibika, tena umpe mtu faragha. Na jibu lisipolingana na unachokiona, usilipokee tu. Chunguza."

Ijumaa Benedicte alikwenda kwa mshauri. Kwenye benchi la nje alimkuta Tresor ameshafika.

"Habari?" alimuuliza kwa mazoea.

Tresor alifikiri kidogo. "Mubaya, dada."

Benedicte akaketi karibu naye. "Hata mimi."