Matandazo ya Matawi Shambani kwa Tulio

Kila asubuhi Tulio na mkewe Nicolasa walikwenda kupalilia mahindi. Walirudi jua likiwa utosini, migongo ikiwauma, na nyuma yao magugu yalianza kuota upya.

Huku milimani tunachoma shamba kabla ya kupanda. Miaka ya kwanza mahindi hustawi. Halafu magugu huyashinda, na mtu huhamia msitu mwingine. Tulio hakuwa na pengine pa kuhamia. Alikwisha kusema kwamba mavuno yakikosekana tena, angekwenda pwani kufanya kibarua kwenye mashamba ya michikichi, amwache Nicolasa na watoto. Nicolasa aliogopa sana. Wanaokwenda kule wengi hawarudi.

Jirani yao, Bi Herminia, alikuwa na kahawa chini ya miti ya guama, inayoipa kivuli. Alipopogoa miti hiyo, aliwapa matawi yote.

"Mwaka huu msichome," aliwaambia. "Fyekeni magugu, yalale hapohapo. Kuni pelekeni jikoni. Majani tandazeni mpaka yafike kwenye kifundo cha mguu."

"Na mahindi yatatokea wapi, Bi Herminia?" Tulio aliuliza.

"Sogeza majani kidogo, toboa kwa kijiti, tia mbegu. Hindi lina nguvu, litatoka. Gugu likikosa jua, kwisha habari yake."

Walitandaza, wakapanda. Lakini kwetu shamba jeupe, lenye udongo mtupu, ndilo heshima ya mwanamume. Rafiki yake Fausto alipita akacheka, "Tulio, siku hizi unapanda takataka?"

Maneno yale yalimkera Tulio. Akaondoa majani yote yaliyokuwa kando ya njia, wapita njia waone udongo. Nicolasa alimkuta akifanya hivyo. Alinuna siku nzima.

Mvua zikaja, zikanyesha mfululizo. Zilipopungua, walikwenda kutazama. Kando ya njia magugu yalifika magotini, na mahindi yalikuwa ya manjano. Hatua chache mbele, penye majani, mahindi yalikuwa marefu, ya kijani kibichi. Magugu yalikuwa ya kuhesabu.

Tulio alivua kofia kama aliyeingia kanisani. Alipiga magoti, akafunua majani. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu, na nyungunyungu walijaa.

"Nani kapalilia hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu," Nicolasa akajibu.

Siku ile ile walirudisha majani kando ya njia. Pia walipanda mbegu za guama kwa mistari, ili baadaye wapate matawi yao wenyewe.

Wakati wa mavuno lori la pwani lilipita kuchukua vibarua. Fausto alikuwa juu yake na mfuko wake. Magugu yalikuwa yamemshinda.

Tulio alisimama katikati ya mahindi yake. "Shuka, ndugu yangu," alisema. "Njoo uone kwanza."

Fausto alishuka kidogo tu, aangalie. Akainama, akaingiza mkono chini ya majani, akatoa konzi ya udongo mweusi. Dereva alipiga honi, akapiga tena, kisha akaondoka bila yeye.