Pete Kwenye Droo ya Vifungo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, ambaye vidole vyake ni sawasawa na vya mdogo wake. Ndiyo maana mchumba wa mdogo wake alimwomba, "Shemeji, twende ukanipimie pete." Akaenda, lakini roho ikimchoma: yeye aliolewa kwa pete ya shaba iliyomwachia alama ya kijani kidoleni.

Muuzaji akatandaza pete mbili. "Zote almasi, mama, na bei ni moja."

Rafiki yangu alikuwa na kipimo chake: kioo ukikihemea hushika ukungu, almasi haishiki. Akaihemea ya kwanza, ikabaki inameta. Akaihemea ya pili, ikapofuka. Akamsukumia shemeji yake ile ya pili.

"Chukua hii. Hiyo nyingine ni kioo kitupu."

Kijana wa watu, hajui hili wala lile, akalipa, kisha akamwachia aifiche mpaka Jumapili, siku ya kumvisha mchumba. Rafiki yangu akaifungia kwenye droo ya vifungo.

Kesho yake alasiri mvua ikatanda, umeme ukakatika, cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Gizani, ndani ya droo, akasikia: haa… haa… kama mtu anayehemea kioo.

Akawasha tochi ya simu, akafungua. Jiwe lilikuwa limejaa ukungu. Akalifuta kwa kipande cha kitambaa, likameta. Halafu akaziba pua na mdomo kwa kiganja, akabana pumzi, akalitazama.

Haa.

Ukungu ukarudi.